Mwonjaji wa Sahani za Ofisi

Kama gazeti la wiki jana ulifungia maandazi kabla hujanisoma, nakusamehe. Nitakusimulia kwa ufupi, halafu tuendelee na aibu yangu mpya.

Mimi ni Mwiza, wa mapokezi na mambo ya ndani katika ofisi moja ya kutoa mizigo mpakani, hapa Gisenyi, upande wa Rwanda wa mpaka na Kongo. Nililelewa Karagwe, Tanzania, ndiyo maana watu wa hapa wanasema Kiswahili changu kimevaa tai. Nina mchumba, Shyaka, fundi wa injini za boti, na ukoo wake ulikuwa unajiandaa kuja kwetu kuniposa. Mwenye neno la mwisho katika ukoo huo ni shangazi yake, Cansilde. Na Cansilde, kwa bahati ambayo mpaka leo sijui niiite njema au mbaya, ni mhasibu wa ofisi yetu. Meza yake inatazamana na yangu.

Kwa hiyo nikipiga chafya saa nne, jioni ukoo mzima unajua kama nilifunika mdomo.

Wiki jana nilisimulia jinsi bakuli la plastiki la Cansilde lilivyoyeyuka ndani ya maharagwe yake, kwenye maikrowevu mpya ya ofisi. Mkurugenzi wetu, Nzabonimpa, akapiga marufuku plastiki. Akanituma sokoni nikanunue sahani za kauri kwa kila mfanyakazi, na siku hiyohiyo akaliingiza jambo hilo katika imihigo, zile ahadi za kazi tunazoapa kila mwaka mbele ya wakubwa wa Kigali: ofisi yetu itapasha chakula kwa kauri tu, asilimia mia.

Sokoni, Faradji muuza vyombo alinionyesha aina mbili. Nyeupe za kawaida, na za maua zenye ukingo wa dhahabu. Nikamfikiria Cansilde akizitazama sahani hizo kila mchana na kusema moyoni kwamba huyu msichana anajua vyombo. Nikachukua za dhahabu.

Niliwaacha pale mkurugenzi alipofunga mlango wa maikrowevu, wali wake na sombe, kisamvu cha huku, vikiwa ndani, na sisi sote tumesimama kushuhudia uzinduzi. Ndani kukatokea mwanga ambao haukuwa wa taa.

Ulianza mlio mdogo wa kukwaruza. Kisha cheche ya bluu ikakimbia kwenye ukingo wa sahani, ikazunguka, ikarudi ilikotoka.

"Mwiza," alisema Nzabonimpa bila kugeuka, "mule ndani iko radi."

"Naona, Patron."

"Iko inazunguka chakula yangu."

"Ndiyo, Patron."

"Ulinunua sahani pamoja na radi yake, ao radi ilikuja nyuma?"

Bruce alinipita akauvuta mlango. Bruce ni mtu wa kompyuta, alikulia Kampala, na ana ugonjwa mmoja tu: anajua mambo, na anayasema yote kwa pumzi moja, kwa hiyo hakuna anayemsikiliza.

"Boss, dhahabu ni metal," alisema. "Hata kama ni kidogo kama rangi. Metal haiingii humu, inatoa cheche, inaweza hata kuwasha moto."

Cansilde aliichukua ile sahani, akapitisha kidole ukingoni. Dhahabu ilikuwa imegeuka nyeusi. Aliniangalia juu ya miwani yake.

"Bibi-arusi wetu anapenda vyenye kung'aa," alisema.

Wote walicheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ningefanya nini. Lakini nilijua kicheko hicho kitalala kwa kina Shyaka usiku huo.

Ningekuwa na akili ningesema palepale: nimekosea, nazirudisha kwa Faradji nichukue zile nyeupe. Nilifungua mdomo kusema hivyohivyo. Nzabonimpa akaninyooshea kidole.

"Nimesharipoti," alisema. "Kigali banajua tuko ku asilimia mia. Mi siwezi kushuka mupaka sifuri juu ya rangi."

"Sasa tufanyeje, Patron?"

"Toa dhahabu."

Tukatoa dhahabu. Mchana kutwa wafanyakazi wenye digrii zao walikaa wakisugua sahani kwa waya za kusugulia sufuria, huku madereva wa malori wakisubiri karatasi zao dirishani. Mmoja aliuliza kama tumefungua kiwanda. Dhahabu ilitoka. Maua nayo yakatoka. Na ule utando wa kung'aa unaoifunika kauri, ambao hakuna aliyeuagiza utoke, ukatoka pia, mabaka mabaka. Nilizipeleka bombani, nikaziosha, nikaziacha kwenye beseni la maji mpaka asubuhi.

Siku ya pili hakukuwa na cheche. Nzabonimpa alipiga makofi peke yake. Maikrowevu ilipolia, akaingiza mikono yote miwili kutoa sahani ya maharagwe, na ndipo nilipogundua kwamba mzee huyu wa kanisa anajua maneno ya Kilingala ambayo mimi sijawahi kuyasikia hata stendi.

Sahani ilianguka, ikapasuka vipande viwili. Maharagwe yalikaa sakafuni. Nzabonimpa aliyainamia, akayagusa kwa kidole ambacho hakijaungua.

"Mwiza."

"Patron."

"Maharagwe iko baridi."

"Pole sana, Patron."

"Sahani ilikuwa moto ya kuchoma mutu, maharagwe iko baridi. We unaelewa nimefanya nini? Nimepika sahani."

Bruce alikuwa na maelezo, kama kawaida. Alisema kauri iliyochunwa utando inakunywa maji ikioshwa. Maikrowevu inapasha maji popote yalipo, kwa hiyo sahani inaumeza moto uliokusudiwa chakula. Akasema kuna jaribio rahisi: weka sahani tupu ndani, weka na glasi ya maji pembeni yake, washa dakika moja. Maji yakiwa ya moto na sahani ikabaki baridi, hiyo ni sahani ya maikrowevu. Sahani ikiwa ya moto, itumie kwa kupakulia tu.

Angeishia hapo, mimi leo ningekuwa mke wa mtu. Lakini Bruce hakuishia hapo.

"Na kingine," alisema, akisoma kwenye simu. "Sahani zingine za bei rahisi, ule utando wake unakuwa na lead. Ukikwanguka, lead inaweza kuingia kwenye chakula. Pole pole, kwa miaka."

"Iyo lead ni nini?" aliuliza Cansilde.

"Ni risasi, yale madini ya kwenye betri za gari. Actually, ni sumu."

Cansilde aliweka kijiko chini. Kisha akalitamka neno lile kwa Kinyarwanda, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea.

"Uburozi."

Ofisi yote ikaweka vijiko chini. Hata mashine ya kuchapisha, naapa, ilisimama.

Kwa wasioishi huku, nieleze kidogo. Katika mji wetu mtu anaweza kukuita mwizi, mwongo au mlevi, na kesho mkanywa Fanta pamoja. Lakini ukiitwa umurozi, mtia watu sumu, umekwisha. Hawatakupiga wala hawatakutukana. Watakusalimia vizuri sana, na hakuna atakayekula kwako tena mpaka unaingia kaburini. Na kama wewe ni msichana, hakuna ng'ombe atakayefunguliwa kamba kuja kwenu.

Ndiyo maana tuna desturi ya gusogongera. Mwenye kukupa kinywaji anapiga funda la kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Haina maana kwamba unanishuku. Maana yake ni kwamba mimi nimekuondolea sababu ya kunishuku. Ni desturi nzuri. Niliipenda sana mpaka mwezi huu.

Nzabonimpa alikuwa ametumbukiza vidole kwenye glasi ya maji baridi, anafikiri. Mkurugenzi akifikiri mbele ya wafanyakazi wake, tafuta mlango.

"Bon," alisema. "Hizi sahani alileta nani?"

"Mwiza," walijibu wote. Sijawahi kuona swali la kikazi likijibiwa upesi namna ile.

"Donc Mwiza njo mwenye chombo. Na mwenye chombo anasogongera. Kila midi, mbele batu bakule, ataonja mu kila sahani. Vile asilimia inabaki mia, na hakuna mutu wa kuogopa."

"Boss, hiyo lead haina taste," alisema Bruce. "Mtu hawezi kuionja. Na haiui leo, inachukua miaka."

"Basi ataonja miaka," alisema Nzabonimpa.

Nilimwangalia Cansilde. Alikuwa ananiangalia mimi. Na nilijua anachokipima: umurozi ndiye anayekataa kuonja.

"Nitaonja," nilisema.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwonjaji wa ofisi, kazi iliyokuwepo kwa wafalme wa zamani, ila wao walimlipa mwonjaji wao.

Kila mchana watu walipanga foleni, nami nikaipitia, kila mmoja na sahani yake iliyochunwa, ameishika kwa taulo. Nilinunua kijiko changu. Nilionja maharagwe, boga, ugali wa muhogo, sambaza, dagaa wa ziwani, sombe za wake mbalimbali wenye mikono mbalimbali. Nilionja pilipili ya Bruce, ambayo mimi naamini ni dawa ya kuua magugu. Mahali pengine chakula kilikuwa cha moto wa kubabua ulimi, sentimita mbili pembeni kilikuwa cha baridi kabisa. Nilikuwa nashiba kabla ya kufungua chakula changu mwenyewe.

Watu wakazoea. Wakaanza kuniuliza.

"Mwiza, chumvi vipi?"

"Imezidi."

"Minamuambiaka bibi yangu kila siku. Sasa nitamwambia ofisi ndiyo imesema."

Nzabonimpa akaliandika hata hilo katika ripoti. Usalama wa chakula: asilimia mia. Kigali wakajibu wakampongeza kwa ubunifu.

Sasa ninakuja kwenye sahani moja, na hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia.

Siku ile ya kwanza ya kuonja nilipofika kwa Cansilde, alifunika sahani yake kwa kiganja.

"We hapana," alisema.

"Shangazi, ni amri ya Patron."

"Patron aamuru malori. Umukazana hawezi kutia kijiko mu sahani ya shangazi ya bwana yake. Heshima iko wapi?"

Umukazana. Mke wa mtoto wetu. Alinitaja hivyo mbele ya ofisi nzima, kabla hata wazee hawajaja kuniomba, kabla hata ya mtu kununua kamba ya ng'ombe. Nilibaki nimesimama na kijiko hewani. Sahani zangu zilitoa radi, zikamchoma mkurugenzi, zikasemwa zina sumu, na bado mwanamke huyu amenihesabu kwao.

Nilikwenda chooni nikalia. Nililia kwa furaha, wala sioni haya kulisema hilo gazetini. Kisha nikampigia Shyaka.

"Shangazi yako ameniita umukazana."

"Mbele ya batu?"

"Mbele ya ofisi nzima."

Nilisikia kitu kikitumbukia majini upande wake. Ilikuwa spana. Alicheka mpaka akakohoa.

"Basi imekwisha, Mwiza," alisema. "Ule mama hajawahi kurudisha neno. We hesabu uko kwetu."

Tangu siku hiyo nilionja sahani zote isipokuwa moja. Na kila nilipoipita hiyo moja, na kijiko changu mkononi, nilitembea kichwa juu. Wengine walidhani ni kazi ya aibu ninayofanya. Mimi nilijua kila mchana ninatangazwa upya.

Lakini maneno ya Bruce kuhusu ile glasi yalikuwa hayajanitoka. Asubuhi moja nikawahi kufika, nikalifanya lile jaribio. Sahani moja baada ya nyingine, glasi ya maji pembeni, dakika moja. Sahani zote zilitoka za moto wa kushikia kitambaa. Maji kwenye glasi yalikuwa vuguvugu tu, ya kunawisha mtoto.

Nilimngoja Nzabonimpa mlangoni.

"Patron, hizi sahani hazifai. Zinaumeza moto zenyewe. Mtu anaona sahani inachoma, anadhani chakula kimepata moto, kumbe hakijapata. Chakula kilicholala kikipashwa namna hii kitamuumiza mtu tumbo."

"We umeumwa?"

"Hapana, lakini mimi naonja kidogo tu."

"Unaonja zote?"

"Isipokuwa ya shangazi."

"Basi hakuna shida," alisema. "Wakaguzi banakuja mwisho wa mwezi. Bakishaondoka, tutabadili sahani pole pole, bila kelele. Bon?"

Nilisema bon. Nilirudi mezani kwangu.

Na sasa niungame, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Ningeweza kumwambia Cansilde. Alikuwa amekaa mbele yangu, hatua chache, anaandika risiti za mizigo. Ningesema: shangazi, sahani hii niliyokununulia usipashie chakula cha jana. Maneno yale nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini nikayasikia jinsi yatakavyosikika kwao jioni: amesema mwenyewe sahani yake ni mbaya. Nikaona ndoa yangu inapita mlangoni na viatu mkononi. Nikayameza.

Nilijiambia ni mpaka mwisho wa mwezi tu.

Jumatatu Cansilde alikuja na sambaza. Walikuwa wa Jumapili, walibaki kwenye sherehe ya ubatizo huko Nyundo, na umeme ulikuwa umekatika kwao tangu mchana wa siku hiyo. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichoona ni sahani ikitoka kwenye maikrowevu, imeshikwa kwa taulo lililokunjwa mara mbili, na Cansilde akipuliza vidole.

"Leo iko moto sawasawa," alisema kwa kuridhika.

Niliipita na kijiko changu. Nikatembea kichwa juu.

Kufikia saa tisa alikuwa ameshika tumbo. Saa kumi alikuwa ameegemea meza, jasho linamtiririka, uso umebadilika rangi. Nzabonimpa alimbeba kwenye gari yake mpaka kliniki, na mimi nikaachwa nimesimama na mkoba wa Cansilde mkononi, nikiwa nataka kuwafuata.

Patron alirudi peke yake. Hakuketi.

"Sahani zote ulionja," alisema.

"Ndiyo, Patron."

"Ile moja tu haukuonja."

"Alinikataza mwenyewe. Kwa ajili ya heshima. Alisema mbele yenu wote."

"Nani alisikia?"

Wote walisikia. Walisikia mchana kweupe, wengine walipiga hata vigelegele. Na wote, kuanzia mlangoni mpaka dirishani, wakawa ghafla na kazi nyingi kwenye kompyuta zao. Bruce peke yake ndiye aliyefungua mdomo. Akaanza kueleza habari ya moto, maji na kauri, tangu mwanzo, na kufika sentensi ya tatu hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Jioni ile nilimpigia Shyaka mara nyingi. Simu iliita mpaka ikachoka.

Asubuhi niliamka mapema nikapika uji wa mtama, laini, usio na sukari nyingi, wa mgonjwa. Niliupika kwenye sufuria, kwenye makaa. Nikautia kwenye thamosi, nikaenda kliniki kwa miguu ili nipate muda wa kupanga maneno. Nilipofika nilikuwa sina hata moja.

Cansilde alikuwa kitandani na dripu mkononi, amepungua kama amefuliwa. Pembeni yake walikaa wanawake wawili wa ukoo, mabega yao yamegusana. Shyaka alisimama dirishani. Alinisalimia vizuri sana.

Hapo nikaogopa.

"Shikamoo shangazi. Unaendeleaje?"

"Niko mu maisha," alisema Cansilde. "Dogiteri amesema ni samaki yenye kulala. Haikupata moto ndani."

"Dogiteri ni mutoto wa juzi," alisema mmoja wa wale wanawake, akiangalia ukuta. "Anajua nini?"

"Samaki njo ilichagua sahani moja mu sahani zote," alisema mwenzake.

Nilifungua thamosi, nikamimina uji kwenye kifuniko chake. Mbele yao wote, polepole ili aone hata aliye na mtoto wa jicho, nikapiga funda la kwanza. Nikameza. Ulikuwa uji mzuri. Kisha nikamkabidhi Cansilde kwa mikono miwili.

Aliunyooshea mkono usio na dripu, akaurudisha.

"Tumbo yangu haijakubali," alisema. "Mupe Shyaka. Hajakula tangu jana."

Nikamgeukia Shyaka. Mwanaume huyu amekula kwangu maandazi yaliyoungua. Amekunywa chai niliyotia chumvi kwa makosa, akaimaliza, akasema mi napenda hivi. Alikipokea kifuniko kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa sote. Akanishukuru. Akakiweka dirishani.

Wale wanawake wawili waliangalia mahali pale dirishani, na mimi nikaangalia viatu vyangu, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na sikutaka wayapate bure.

"Shyaka," alisema Cansilde kutoka kitandani. "Kunywa."

"Nitakunywa, tantine. Iko moto."

"We unakunywaka moto kuliko iyo. Kunywa."

"Tantine, pumuzika kwanza."

"Mi sina usingizi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ileile inayowatetemesha madereva wasiokuwa na risiti. "Mi njo nilimuita umukazana, mbele ya batu. Na mi njo nitatuma bazee bakamuombe. Siwezi kutuma batu bakaombe mwanamuke mwenye we hauwezi kunywa mu mukono yake. Kwa hiyo unakunywa, ao unaniambia nibaambie bazee babaki nyumbani."

Nilitaka kumbusu miguu mwanamke yule. Sumu yote niliyosingiziwa ilikuwa tumboni mwake yeye, na yeye ndiye peke yake chumbani aliyekuwa upande wangu.

Shyaka alikichukua kile kifuniko. Aliutazama uji. Akautikisa kidogo, ukazunguka. Aliinua mpaka karibu na mdomo, na moyo wangu ukainuka nao.

Halafu akashusha, akavuka chumba, akaninyooshea mimi.

"Onja tena, Mwiza."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimeonja sasa hivi. Uliniona."

"Nilikuona," alisema, kwa upole uleule wa kusalimia vizuri. "Onja tena."

Nilinyoosha mikono yangu miwili nikakipokea. Uji ulikuwa bado wa moto, na nawaambia ukweli wangu wote, sikuwa bado najua kama nitaunywa au nitammwagia.